Mtoto Yatima, Shamba Lake na Shule Yake

Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati ilitutaka tuseme mbele yenu habari za watoto yatima, na namna elimu na msaada wa jamii uwezavyo kuwatoa katika umaskini. Twashukuru kwa heshima hiyo. Wengi wenu mlioketi hapa mlianza kulea watoto wa ndugu zenu waliofariki wakati sisi hatujajua hata kuandika majina yetu, wala hatukuja kuwafundisha malezi. Kazi yetu ni ukarani. Misheni ilitufundisha kuandika barua na kuweka kila karatasi mahali pake, na kwa miaka mingi tumeketi upande ule wa meza ambako taabu za watu hufika zikiwa zimekwisha kuwa karatasi. Basi tutasema yale yaonekanayo kutoka upande huo, na wazee watatusahihisha.

Mtu akisikia neno yatima, mara hufikiri karo. Hata chama chetu hufikiri hivyo, na ukitazama hesabu zetu utaona kwamba msaada wetu kwa watoto hawa karibu wote ni karo. Hatusemi kwamba ni vibaya. Lakini twaomba ruhusa tuanze mahali pengine, yaani shambani, maana wengi wa yatima tuwaonao hawakuwa maskini siku baba yao alipokufa. Walifanywa maskini katika miaka miwili au mitatu iliyofuata, na mara nyingi waliowafanya hivyo walikuwa wakila nao chungu kimoja.

Mambo huja hivi. Asubuhi mapema, kabla mlango haujafunguliwa, nyanya ameketi ngazini na kiondo chake. Amepanda kutoka bondeni kwa miguu, au amekuja kwa pikipiki kwa nauli ya kukopa. Ataka barua ya kumwombea mjukuu wake basari. Akikaribishwa, hutoa karatasi zilizofungwa katika kitambaa: kitambulisho cha mwanawe marehemu, kadi ya kliniki ya mtoto, kibali cha mazishi, na stakabadhi za kiwanda cha kahawa zenye namba ya mwanachama. Twauliza cheti cha kifo. Hana, maana alidhani kile kibali cha mazishi ndicho. Twauliza cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nacho hakuna. Kisha twauliza, na kahawa ya baba yao sasa huchumwa na nani? Hapo nyanya hutazama chini. Kahawa huchumwa na baba mdogo. Malipo bado huandikwa kwa namba ya marehemu, na aendaye kuyapokea ni yeye baba mdogo. Hivyo mtoto ambaye kahawa ya baba yake ingeweza kumnunulia sare na vitabu amefika kwetu kuomba.

Hatuwatii baba wadogo wote katika kapu moja. Wapo waliosomesha watoto wa kaka zao wakaacha kuezeka nyumba zao wenyewe, na baadhi yao wamo humu leo. Lakini jambo lenyewe limezoeleka mno, na yafaa tujue lilitoka wapi.

Zamani ardhi yetu ilikuwa mikononi mwa ukoo, ambao Wameru huuita mwiriga. Mtu alilima sehemu yake, na alipokufa watoto wake walibaki ni watoto wa ukoo, na mipaka ilijulikana na wazee walioipanda. Hatusemi kwamba enzi zile zilikuwa za asali na maziwa. Njaa ilikuwapo, na wenye tamaa walikuwapo. Lakini haikuwezekana mtu mmoja kuuza shamba la yatima kimyakimya kwa mgeni aliyetoka mbali, kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kuuza. Kisha ukaja mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954, vipande vya mashamba vikakusanywa na kuandikwa katika daftari, kila kipande kwa jina la mtu. Katika nchi za juu za Embu na Meru kazi hiyo ilifanywa mapema. Kwa Wambeere na Watharaka iliendelea kwa miaka mingi baadaye. Faida yake twaijua, maana mtu aliweza kupanda kahawa na chai akijua kwamba hatahamishwa. Ila tangu siku ile shamba lina jina moja, na mwenye jina akifa, jina halihami lenyewe kwenda kwa watoto. Hukaa daftarini kama lilivyo, hata miaka ishirini, na katika miaka hiyo mwenye nguvu nyumbani ndiye alimaye.

Sheria ipo. Sheria ya Urithi ilianza kutumika nchini kwetu tarehe 1 Julai 1981. Yasema kwamba mtu akifa bila wosia, naye hakuacha mke wala mume, mali yake ni ya watoto wake kwa sehemu zilizo sawa, wa kiume na wa kike. Zipo wilaya za malisho ambazo mashamba yake na mifugo yake vilitolewa katika amri hiyo, lakini Meru na Embu hazimo. Twajua kwamba neno la binti kurithi huwatia wazee wengine kikohozi. Hata hivyo binti yatima ndiye mtu wa kwanza ambaye neno hilo liliwekwa kwa ajili yake, kwani hana baba wa kumtetea wala mume wa kumlisha, na akikosa shamba na shule kwa pamoja twajua aishiapo.

Sheria hiyohiyo yasema kwamba ikiwa warithi ni watoto wadogo, mali yao hushikwa kwa amana mpaka wakue, na mahakama haitampa msimamizi mmoja peke yake hati ya kusimamia. Sharti wawe wawili, au iwe ni ofisi ya serikali iliyowekwa kwa kazi hiyo. Aliyeiweka sheria hii aliwajua binadamu. Tena yasema kwamba mtu asiye na idhini akiigusa mali ya marehemu, kuiuza au kuila, amefanya kosa la jinai, na aweza kutozwa faini au kufungwa. Wengi wetu hatukuambiwa hayo. Twadhani kwamba kula mali ya yatima ni dhambi ya kuulizwa mbinguni, kumbe hata hakimu wa hapa chini aweza kuuliza. Na tangu sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka wa 2015, mirathi iliyo ya kadiri ya wakulima kama sisi yaweza kusikizwa na hakimu katika mji ulio karibu, bila kungoja Mahakama Kuu.

Sasa hapa ndipo wazee mnapoingia, na twaomba mtusikilize kwa uvumilivu. Shamba la kilimo haliuzwi pasipo idhini ya bodi ya ardhi. Hayo ni tangu sheria ya mwaka wa 1967. Katika bodi hizo huketi watu wa papa hapa, wajuao nyumba zote. Na kesi ya mirathi haianzi pasipo barua ya chifu yenye kutaja warithi wote, na chifu huuliza wazee wa kijiji kabla hajaandika. Mara ngapi barua hiyo imeandikwa ikataja ndugu watatu wa marehemu na kuwaacha watoto wake wawili? Karani huipokea kama ilivyo, maana karani hawezi kumwona mtoto asiyeandikwa. Mzee aliyeulizwa ndiye amwonaye. Njuri Ncheke kwa Wameru, na mabaraza ya wazee kwa Waembu na Wambeere, neno lao lina uzito ambao barua zetu zote hazina, na mzee mmoja akikataa kuweka kidole chake kwenye karatasi iliyomwacha mtoto, kazi ya miaka kumi ya mahakama imeokolewa kwa asubuhi moja.

Tumekaa sana shambani, twende shuleni.

Mwaka wa 1974 serikali iliondoa karo kwa madarasa manne ya kwanza ya shule za msingi. Watoto wakajaa. Baada ya muda mfupi shule zikaweka mchango wa majengo, na katika sehemu nyingine mchango ule ulizidi karo iliyoondolewa, na watoto wakarudi nyumbani. Januari 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa tena, safari hii kwa madarasa yote, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani nchini kote. Mwaka wa 2008 serikali ikaanza kulipia mafunzo ya sekondari za kutwa. Ukisoma hayo katika gazeti utasema kwamba yatima sasa hana udhuru. Lakini lile la 1974 lingali na funzo kwetu: karo ikiondoka, kidogo kinachobaki ndicho kimzuiacho maskini. Ni sare, viatu, chakula cha mchana, na fedha za mitihani ya majaribio. Mtoto mwenye baba huambiwa na mwalimu alete kesho. Yatima akiambiwa alete kesho, hukaa nyumbani kesho ile, na ya pili, na wiki ikipita huona haya kurudi. Wahenga walisema yatima hadeki, nasi walimu na makarani twamwona mtoto asiyelalamika tukadhani kwamba hana shida.

Kuna na jambo la cheti cha kuzaliwa. Tangu Wizara ya Elimu ilipoanza kuandikisha wanafunzi kwa kompyuta, mtoto asiye na namba ya cheti hahesabiki sawasawa, na shule haipati fedha zake. Cheti kikicheleweshwa kupita miezi sita baada ya kuzaliwa, uandikishaji huwa na masharti zaidi, na huhitaji karatasi za wazazi. Mama akiwa amekufa na kitambulisho chake kimepotea, nyanya huzungushwa kutoka ofisi hii kwenda ile mpaka achoke. Hapa chama chaweza kufanya kazi kubwa kwa fedha kidogo sana: mwanachama mmoja ajuaye kusoma akifuatana na nyanya kwa siku mbili, mambo yaliyoshindikana kwa mwaka hukwisha. Tumeliona hilo mara nyingi, nasi twastaajabu kwamba halijawahi kuwekwa katika mipango yetu, labda kwa sababu halina stakabadhi ya kuonyesha katika ripoti.

Wazee watakumbuka jinsi maradhi ya UKIMWI yalivyokuja. Mgonjwa wa kwanza alijulikana nchini mwaka wa 1984, na ilikuwa mpaka Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipotangaza kwamba ni janga la taifa. Katika miaka hiyo kumi na mitano nyumba nyingi za Meru na Embu zilibaki na nyanya na watoto, kizazi cha katikati kimetoweka. Dawa zilipoanza kutolewa bila malipo katika hospitali za serikali mwaka wa 2006 wazazi wengi waliishi, na twamshukuru Mungu. Walakini yatima hawakwisha. Siku hizi baba huondolewa na pikipiki barabarani, na wengine huondolewa na kileo. Hatujasahau pombe yenye sumu ya Mei 2014 iliyoua watu Embu na wilaya nyingine kwa siku chache. Mtoto wa baba aliyekufa kwa pombe hupata huruma ndogo kuliko wa aliyekufa kwa saratani, kama kwamba yeye ndiye aliyekunywa.

Serikali nayo haikulala. Mwaka wa 2004 ilianza kwa majaribio kuwapa fedha watu waleao yatima, kwa nyumba zipatazo 500 katika Kwale, Garissa na Nairobi. Mpango ule ulienea nchi nzima, na malipo yakafika shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila nyumba. Wataalamu waliochunguza walikuta jambo lipasalo kutufikirisha: katika shule za msingi fedha zile hazikuleta tofauti kubwa, kwa kuwa karibu watoto wote walikuwa wamekwisha kuingia, tofauti ilionekana katika sekondari. Basi hapo ndipo yatima aangukapo. Akiwa mdogo husoma na wenzake. Akifika miaka kumi na minne au kumi na mitano, mikono yake imeanza kuwa na thamani. Huko Igembe na Tigania atachuma miraa alfajiri na kupata fedha kabla ya kengele ya shule kulia. Mbeere atachuma muguka. Msichana ataitwa mjini kulea mtoto wa watu. Nyanya hana nguvu ya kumkataza, na fedha ile ya miraa ndiyo chumvi na sabuni ya nyumba. Tangu mwaka wa 2023 madarasa ya sekondari ya chini yamewekwa katika shule za msingi zilizo karibu na nyumbani, na hilo limesogeza shimo mbele mwaka mmoja, lakini halikulifukia. Mwisho wa Gredi ya 9 shimo liko palepale, pamoja na sanduku la bati, godoro, na mahitaji ya bweni ambayo fedha za serikali hazikuyahesabu.

Kwa hiyo twataka kusema wazi juu ya Mfuko wetu wa Elimu, na tunajua kwamba katika jambo hili Kamati haikuwa na moyo mmoja. Desturi yetu ni kumpa karo ya mwaka wa kwanza mtoto yatima aliyefaulu kwa alama za juu. Twapiga picha naye, na picha huwekwa katika kijitabu hiki. Mwaka wa pili twamtafuta mwingine aliyefaulu. Na yule wa kwanza? Wengine waliendelea kwa neema za watu. Wengine, tukitazama madaftari ya shule, twaona jina lao limekatwa kwa wino katika muhula wa pili wa mwaka wa pili. Wanachama waliotetea desturi hii wasema kwamba fedha ni chache, na yafaa zimwendee atakayefika mbali ili arudi kutusaidia. Ni neno lenye busara, wala hatulidharau. Lakini mtoto mwenye alama za juu ana milango mingine ya kubisha. Tangu mwaka wa 2010 upo msaada wa Wings to Fly wa wakfu wa benki ya Equity kwa watoto maskini wenye akili nyingi. Ipo basari ya maeneo ya uwakilishi bungeni. Zipo za kaunti. Mwenye alama za katikati, ambaye ndiye mtoto wa kawaida wa kila nyumba, hana pa kubisha ila kwetu.

Tutoe mfano uliotokea karibu na hapa. Mwaka wa 1955, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwatoa vijana katika kambi ya Manyani ikawaweka Wamumu, katika Mwea, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu. Ilikuwa kambi ya wafungwa, wala hatuisifu. Wapo wazee hapa wajuao kambi zile kuliko vitabu. Lakini vijana wale, ambao baadhi yao walikuwa yatima, walifundishwa kazi za ufundi, na walipotoka walitafutiwa mahali pa kazi. Miongoni mwa waliofanya kazi kule alikuwa Geoffrey Griffin. Mwaka wa 1959 yeye na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Starehe mjini Nairobi, katika vibanda viwili vya mabati, kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakilala barabarani. Hawakuchagua wenye alama, maana waliolala barabarani hawakuwa na alama zo zote. Aliyeweza kulipa kitu alilipa, asiyeweza hakulipa, na kila mmoja alishikwa mkono mpaka awe na mtihani au ufundi. Griffin aliiongoza shule ile mpaka alipofariki mwaka wa 2005, mwaka uleule Starehe ya wasichana ilipofunguliwa. Sasa twaijua Starehe kama shule ya wenye akili wa nchi nzima, na ni vigumu kukumbuka kwamba ilianza na watoto waliofukuzwa na polisi sokoni. Sisi hatuna uwezo wa kujenga Starehe. Twachukua kutoka kwake jambo moja tu, la kutomwacha mtoto katikati ya njia.

Jambo hilo si lazima liwe chuo kikuu. Mwaka wa 1966 makanisa ya nchi hii yaliuliza serikali swali juu ya vijana wanaomaliza shule na kukosa la kufanya, na kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo vingi vingali vikifundisha useremala, uashi, ushonaji na umeme. Tuna desturi mbaya ya kuvitaja kama mahali pa walioshindwa. Ukitaka kujua kama fundi wa kuunganisha vyuma ameshindwa, jaribu kumwita wiki ya kufungua shule. Yatima mwenye miaka kumi na minane na ufundi mkononi, na hati ya shamba la baba yake kwa jina lake, amekwisha kutoka katika umaskini hata kabla hatujampiga picha.

Tena wapo wasemao chama kijenge nyumba ya yatima, tuwakusanye mahali pamoja na kutafuta wafadhili ng'ambo. Twaomba wazo hilo liachwe. Serikali ilisimamisha uandikishaji wa nyumba mpya za watoto mwaka wa 2017, na mwaka wa 2022 ikatoa mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika jamaa zao. Na Sheria ya Watoto ya mwaka huo huo imeyatambua malezi ya ndugu na jamaa. Hayo si mapya kwetu. Mtoto aliyelelewa mbali na ukoo hurudi akiwa mgeni, hajui mpaka wa shamba lake wala shahidi wa kumtetea. Afadhali mfano wa Hospitali ya Methodist ya Maua, ambayo katika miaka ya maradhi yale iliona kwamba kumtibu mtoto na kumrudisha penye paa linalovuja ni kazi bure, ikasaidia kujenga nyumba ndogo kwa yatima papo hapo katika mashamba yao. Nyumba ikisimama shambani, ni vigumu zaidi kwa jirani kusogeza ua.

Basi fedha. Tukihesabu kwa mfano tu, wanachama 200 wakitoa shilingi 50 kila mwezi bila kukosa, ni shilingi 10,000 kwa mwezi na 120,000 kwa mwaka. Si nyingi. Hazitoshi kumlipia bweni la sekondari mtoto wa kila nyumba. Lakini zatosha kutoa nauli za ofisini, ada za vyeti, sare, na gharama za kufungua mirathi michache kila mwaka. Na shamba moja likirudi kwa wenyewe, kahawa yake yalipa karo kwa miaka ambayo chama hakingeweza kulipa. Twapendekeza kwamba nusu ya Mfuko iwekwe kwa kazi hiyo, na nusu ya pili iwashike watoto wachache mpaka wamalize, wala tusiongeze mpya kabla wale wa kwanza hawajatoka na cheti au ufundi. Tutakuwa na picha chache katika kijitabu. Kura itapigwa baada ya chakula, na kila mwanachama atasema lililo moyoni mwake.

Kuna na jambo lisilohitaji kura. Kila mmoja wetu aliye mwanachama wa ushirika wa kahawa, wa maziwa au wa akiba na mikopo, anayo haki ya kumwandikisha mrithi katika daftari la ushirika wake. Ni fomu moja, na haina malipo ya mwanasheria. Wengi hatujaijaza, kwa kuwa twaona kwamba kuijaza ni kujiitia kifo. Waliozikwa mwaka huu nao hawakuijaza.

Karatasi ya majina iko mezani kwa Mwandishi. Imechorwa safu nne: jina la mtoto, mtu anayekaa naye, shamba lilipo na namba yake kama ipo, na vyeti alivyo navyo. Twamwomba kila mzee kabla hajaondoka aandike wale awajuao katika kijiji chake, pamoja na wale walio chini ya paa lake mwenyewe. Asiyeweza kuandika, tutamwandikia. Wale wa Igembe na wa Mbeere, waliotoka mbali, watangulie, wasije wakaachwa na gari.